Kuhesabu Narwali Kutoka Angani

Agosti 2013, ndege ndogo za injini mbili ziliruka juu ya ghuba nyembamba za Kisiwa cha Baffin na visiwa jirani, kaskazini mwa Kanada, kuhesabu narwali: nyangumi ambaye dume lake huota jino refu lililosokotwa kama kamba.

Ndege hufuata mistari iliyonyooka, takriban mita 300 juu ya maji. Kila upande huketi waangalizi wawili wasioweza kusikiana. Narwali akifika ubavuni mwa ndege, mwangalizi hupima pembe anayomtazamia, na kwayo hujulikana umbali wake. Kisha hesabu za wawili hao hulinganishwa ili kukadiria waliopitwa na macho yao.

Wapo pia waliozama. Vifaa vilivyofungwa kwenye narwali wachache, vikituma taarifa kwa setilaiti, vimeonyesha kuwa hukaa karibu na uso wa maji takriban theluthi moja tu ya muda wao.

Baada ya kuwajumuisha waliopitwa na macho na waliozama, jumla ya mwaka 2013 ilikadiriwa kuwa karibu narwali 142,000. Makadirio ya namna hii huongoza viwango vya uwindaji wa Wainuiti, ambao narwali ni chakula chao tangu enzi za mababu. Hesabu makini huwalinda wote wawili, nyangumi na mwindaji.