Logi ya Majani: Mlima Kenya Ulipokosa Hewa ya Kaboni

Yeyote aliyewahi kutunza seva anaijua faili ya logi. Programu zinaandika mstari baada ya mstari bila kuulizwa, na mambo yakienda kombo unarudi nyuma kusoma kilichotokea. Mimea nayo ina logi yake, kwenye kaboni ya majani. Kazi ni kuisoma, maana wanaoandika humo ni wengi.

Tuanze na msingi. Kaboni ya hewani ni ya aina mbili hasa: karibu asilimia 99 ni kaboni-12, na asilimia 1 hivi ni kaboni-13, ambayo ni nzito kidogo. Jani hupendelea ile nyepesi, ila si mimea yote inayochagua kwa kiwango kimoja. Chukua githeri. Maharagwe ni ya kundi liitwalo C3. Kaboni-13 yake iko kwenye -27 kwa elfu hivi, ikilinganishwa na kipimo cha kimataifa. Mahindi ni C4. Jani lake lina kama pampu ya kukusanya kaboni dioksidi, hivyo halichagui sana, na kipimo huja -12 hivi. Saga githeri yote pamoja, na bado maabara itaweza kukadiria mahindi yalikuwa kiasi gani.

Njia hii ya C4 ilielezwa mwaka 1966 na Hatch na Slack, waliokuwa wakichunguza miwa huko Australia. Kuanzia hapo historia inatuleta nyumbani, kwenye Sacred Lake, ziwa dogo ndani ya msitu wa Mlima Kenya, takriban mita 2,350 juu ya bahari. Matope ya chini yake yamejipanga tabaka juu ya tabaka kwa makumi ya maelfu ya miaka.

Mwaka 1967, J. A. Coetzee wa Afrika Kusini alichapisha utafiti wa chavua iliyohifadhiwa kwenye matope hayo. Ilionyesha kwamba zama za barafu, msitu haukuwa pale ulipo leo. Maelezo yalikuwa rahisi: kulikuwa na baridi, kwa hiyo mimea ya juu mlimani ikashuka.

Lakini kuna tatizo. Chavua ya nyasi za C3 na ya C4 zinafanana mno chini ya hadubini. Mwaka 1979 ulichapishwa utafiti wa nyasi za Kenya kufuatana na mwinuko: maeneo ya chini yametawaliwa na C4, na ukipita mita 3,000 karibu zote ni C3. Basi kama ni baridi peke yake iliyoshusha mimea, nyasi za Sacred Lake zingepaswa kuwa C3.

Mwaka 1997 Street-Perrott na wenzake walichapisha vipimo vya kaboni ya ziwa hilo katika jarida la Science. Hawakutegemea matope mazima tu, kwa sababu mwani wa ziwani nao huandika kwenye logi hiyo hiyo. Walipima pia nta ya majani ya mimea ya nchi kavu, kama vile wewe unavyochuja logi kwa grep. Jibu likawa C4!

Maelezo yao ni kwamba hewa yenyewe ilikuwa imepungukiwa. Barafu ya Antaktika inaonyesha kwamba miaka 20,000 hivi iliyopita kaboni dioksidi ilikuwa karibu sehemu 190 kwa milioni, dhidi ya 280 kabla ya viwanda. Miti ya C3 ilikosa chakula, hasa penye ukame, huku nyasi zenye pampu zikistahimili.

Kwa nini tujali? Leo kiwango kimepita 420. Kama hewa ya kaboni iliwahi kuamua yenyewe wapi pawe msitu na wapi pawe nyasi, basi anayetabiri kesho ya mlima unaoulisha mto Tana kwa kuangalia joto na mvua tu anasoma nusu ya logi. Na moshi wetu wa makaa na petroli, wenye kaboni nyepesi, umeshusha kipimo cha hewa kutoka karibu -6.4 hadi chini ya -8. Majani ya leo yanaandika hilo pia. Atakayechimba matope ya enzi zetu itabidi kwanza atutoe sisi kwenye hesabu.