NI NANI ALIYEKOMESHA UTUMWA?



Ndugu Waislamu, mwanafunzi wetu wa Ludara, Koboko au Arua akisoma historia ya utumwa, mara nyingi hubaki na picha moja: Waislamu waliuza watu, Wazungu wakawakomboa. Akirudi nyumbani na kuuliza, tumjibu nini?

Kwanza tuseme ukweli. Kuanzia miaka ya 1850 wafanyabiashara wa Khartoum walipanda mto Nile kutafuta pembe za ndovu. Walijenga maboma yaliyoitwa zariba, wakavamia vijiji, wakateka watu na ng'ombe. Wengi wao walikuwa Waislamu, ingawa Wazungu pia walikuwemo. Dhulma ni dhulma, hata ikifanywa na anayeswali.

Pili, dini yenyewe yasemaje? Sura ya Al-Balad imetaja kumwacha huru mtumwa kuwa ni njia ya kheri iliyo nzito kupanda. Sura ya At-Tawba imeweka fungu la Zaka kwa kazi hiyo. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa anayemuuza mtu huru na kula thamani yake, Allah Mwenyewe atakuwa mshitaki wake Siku ya Kiyama.

Tatu, wapo Waislamu walioongoza. Mwaka 1846 Ahmad Bey, mtawala wa Tunis, alikomesha utumwa nchini mwake. Aliwaeleza maulamaa kuwa watumwa wanateswa, na kwamba hakuna uhakika kuwa walitekwa kihalali. Ufaransa ilifuata mwaka 1848 katika makoloni yake, na Marekani mwaka 1865.

Huku kwetu, Khedive Ismail wa Misri alimtuma Samuel Baker mwaka 1869, kisha Gordon mwaka 1874, kuzuia biashara hiyo. Kweli, alitaka pia kupanua dola yake. Sayyid Barghash wa Zanzibar naye alifunga soko la watumwa mwaka 1873, lakini baada ya kutishwa na manowari za Waingereza. Tusiwapambe kupita kiasi.

Jambo la mwisho hatulisemi vya kutosha. Miongoni mwa askari wa Emin Pasha waliokaa Dufile na Wadelai walikuwemo watu waliotekwa utumwani wakiwa vijana. Wanubi wa Arua na Koboko wanatokana kwa sehemu na askari hao, na ni wao waliosaidia kuueneza Uislamu West Nile. Kwa hiyo mwanao asiinamishe kichwa: dini yake imefika hapa pia kupitia kwa walioonja minyororo, wakamjua Mola wao hata hivyo.

Basi naye awe wa kwanza kumtetea binti anayedanganywa kazi ya nje na kunyang'anywa pasipoti. Huo nao ni utumwa.

Wabillahi Tawfiq.