Sanamu ya shaba haichongwi: 'Asilia', 'halisi' na 'nakala' katika orodha za sanaa

MWANAFUNZI wangu mmoja wa uzamili aliniletea tafsiri ya maelezo ya sanamu kadha zilizomo katika makumbusho ya ng'ambo. Kila palipokuwa na sanamu, yeye aliandika 'ilichongwa na fulani'. Ya mbao ilichongwa, ya marumaru ilichongwa, ya nta ilichongwa, ya shaba pia ilichongwa. Nilipomuuliza shaba inachongwa vipi alicheka, kisha akanijibu kwamba ndivyo watu wasemavyo. Ni kweli ndivyo wasemavyo. Hata sanamu ya Dedan Kimathi iliyozinduliwa mwaka 2007 katika barabara ya Kimathi jijini Nairobi, utasikia wapita njia wakisema imechongwa vizuri. Ile ni shaba nyeusi, au bronzi kama wengine wanavyopendelea kuiita, na shaba nyeusi haichongwi.

Kiswahili hakina upungufu hapa. Kina vitenzi vitatu ambavyo havifanyi kazi moja. Anayechonga huondoa: anachukua gogo au jiwe na kupunguza mpaka umbo libaki, kama wafanyavyo mafundi wa Wamunyu kwa mbao au wa Tabaka kwa jiwe la Kisii. Anayefinyanga huongeza na kubonyeza: udongo au nta, kidogo kidogo, na akikosea anarudia. Anayesubu humimina madini yaliyoyeyushwa ndani ya kalibu. Hili neno kusubu limo katika kamusi zetu tangu zamani, ila sijui ni wangapi wamelitumia mwaka huu. Kitenzi kimoja kikishavimeza viwili, msomaji wa orodha ya kazi za msanii hawezi tena kujua mkono wa nani uligusa nini. Na hapo, msomaji wangu, ndipo penye fedha, kesi na sifa za watu.

Tuchukue mfano wa Mfaransa Edgar Degas, ambaye wengi wanamjua kama mchoraji. Mwaka 1881 alipeleka katika maonyesho mjini Paris sanamu ya msichana mcheza baleti. Ilikuwa ya nta, karibu mita moja kwa urefu, imevishwa sketi ya kitambaa na viatu vya kuchezea, ina nywele za watu zilizofungwa kwa utepe, nayo ikawekwa ndani ya sanduku la kioo. Degas mwenyewe aliipa jina: Mcheza Densi Mdogo wa Miaka Kumi na Minne. Msichana aliyemwigiza aliitwa Marie van Goethem, mwanafunzi wa densi katika Opera ya Paris, lakini jina lake halikuingia katika anwani. Wahakiki wengi walishtuka, wengine wakamtukana huyo mtoto wa watu kwa sura yake. Degas hakuonyesha sanamu nyingine yoyote hadharani mpaka alipokufa mwezi Septemba 1917.

Alipokufa, ndani ya karakana yake zilipatikana sanamu takriban 150 za nta na udongo, nyingi zikiwa zimevunjika. Alikuwa akizifinyanga kwa miaka mingi, akizibomoa na kuzirudia, ndani akitia waya na hata vipini vya brashi za kuchorea ili zisimame. Hakuna hata moja aliyoisubu kwa shaba. Mfanyabiashara Ambroise Vollard aliyemfahamu alisimulia kwamba mzee huyo aliogopa shaba kwa kuwa shaba haifi.

Warithi hawakuwa na hofu hiyo. Waliingia mkataba na karakana ya A.A. Hébrard, na fundi Albino Palazzolo akasubu sanamu zaidi ya 70. Kila moja ilikusudiwa kutolewa mara 22: ishirini za kuuzwa zikapewa herufi A hadi T, moja ikawa ya warithi, na moja ya Hébrard mwenyewe. Hesabu haikufuatwa barabara katika kila sanamu, lakini huo ndio uliokuwa mpango. Mwaka 1921 zilionyeshwa mjini Paris, na seti yenye herufi A ikanunuliwa na Bi Louisine Havemeyer wa Marekani, ambaye baadaye aliiachia Makumbusho ya Metropolitan, New York.

Sasa keti uandike orodha. 'Mwandishi' wa kazi hii ni nani? Tarehe yake ni ipi, 1881 au 1922? Imesainiwa? Ukiitazama shaba yenyewe utaona jina 'Degas' pale chini, kwa hivyo mwandishi wa haraka ataandika 'imesainiwa na msanii'. Kumbe saini hiyo ilipigwa na karakana, kwa muhuri, msanii akiwa kaburini. Mwenye kujali lugha ataandika 'ina muhuri wa saini ya Degas'. Tofauti ni neno moja tu, lakini neno hilo ndilo linalotenganisha ukweli na uzushi. Mnunuzi anayesoma 'imesainiwa' anadhani mzee aliitazama, akaridhika, akatia mkono wake. Hakuitazama kamwe.

Kuna jambo jingine lililokaa kimya muda mrefu. Kwa miaka mingi watu waliamini kwamba nta za Degas ziliyeyuka wakati wa kusubu, maana njia iliyotumika huitwa njia ya nta iliyopotea: umbo la nta hufunikwa kwa kalibu, nta ikayeyushwa ikatoka, shaba ikaingia mahali pake. Mwaka 1955 nta hizo zikajitokeza, salama. Palazzolo alikuwa ametengeneza kalibu kutokana nazo, akapata nta nyingine za kupotezwa, na zile za Degas zikabaki. Nyingi zilinunuliwa na Paul Mellon na leo zimo Washington katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa. Halafu mwaka 1976 ikajitokeza seti nyingine ya shaba ambayo karibu kila mtu alikuwa ameisahau: shaba mama, ambazo Palazzolo alizisubu kwanza ili zimpe kalibu za kutolea zote zilizouzwa. Zile A hadi T, kumbe, hazikutoka katika nta moja kwa moja. Zilitoka katika shaba. Nazo ni ndogo kidogo kuliko mama zao, kwa sababu shaba ikipoa hujikunyata. Ndiyo maana mtunza orodha mzuri hupima urefu kwa milimita na kuuandika hata kama unaonekana kuwa jambo la kuchosha. Tepu ya kupimia humwambia ukoo wa sanamu.

Wafaransa wana neno mahususi kwa sanamu iliyosubiwa kutokana na sanamu nyingine ya shaba. Mimi nimezoea kuita kile kitokacho katika kalibu 'msubo', kwa kufuata mkondo wa chonga-mchongo, na kile cha pili 'msubo wa msubo'. Ukipenda, mjukuu. Nta ni mzazi, shaba mama ni mtoto, shaba yenye herufi A ni mjukuu. Ukoo huo ukiandikwa wazi hakuna anayedanganywa, na wala sanamu haipungukiwi uzuri.

Tatizo kubwa zaidi ni lile neno ambalo Waingereza na Wafaransa hulitumia kwa kila kitu: 'original'. Wao wana moja, sisi tuna angalau mawili. Kitu kinaweza kuwa asilia, yaani ndicho cha kwanza, chimbuko. Kitu kinaweza kuwa halisi, yaani si bandia, kimetolewa na mwenye haki ya kukitoa. Mara nyingi sifa hizi huandamana, ndiyo maana tunazichanganya. Kwa msanii wa sanamu huachana.

Auguste Rodin, aliyefariki mwezi Novemba mwaka huo huo wa 1917, ndiye mfano bora. Mwaka 1916 aliikabidhi serikali ya Ufaransa kazi zake pamoja na haki ya kuzitoa. Sheria za Ufaransa katika nusu ya pili ya karne ya 20 zilikuja kuweka mpaka: misubo 12 ya sanamu moja ndiyo inayohesabika kuwa kazi ya msanii, minane ikipewa namba za kawaida, 1/8 hadi 8/8, na minne namba za Kirumi. Inayozidi hapo ni nakala tu, na amri ya mwaka 1981 ikataka kila nakala ya namna hiyo iandikwe hivyo waziwazi. Mwaka huo huo makumbusho ya Washington yakafungua maonyesho makubwa ya Rodin, na humo mlikuwa na Lango la Jahanamu lililotoka kusubiwa, shaba mpya kabisa. Rodin alipewa kazi ya lango hilo mwaka 1880, akafa bila ya kuliona katika shaba hata mara moja. Mhakiki Rosalind Krauss akauliza: je, kitu hiki kilichozaliwa zaidi ya miaka 60 baada ya msanii kufa tukiiteje 'original'? Albert Elsen, mtaalamu wa Rodin aliyeandaa maonyesho, akamjibu kwa ukali kwamba Rodin mwenyewe aliiachia serikali haki hiyo. Walibishana sana, na ninapousoma ubishi wao naona sehemu kubwa yake ni ugomvi wa neno moja lenye maana mbili. Elsen alikuwa akisema lango ni halisi. Krauss alikuwa akihoji kama kuna chochote humo kinachostahili kuitwa asilia. Kwa Kiswahili wangeweza kuwa sahihi wote wawili, ingawa nakiri kwamba Krauss asingeridhika kwa wepesi huo.

Na marumaru za Rodin? Hizo zilichongwa kwelikweli, lakini si naye. Yeye alifinyanga udongo, wasaidizi wakachonga jiwe. Antoine Bourdelle, ambaye baadaye alipata jina lake mwenyewe, alikuwa mmoja wao. Kumwita Rodin 'mchongaji' ni kumpa kazi ya Bourdelle.

Neno 'nakala' nalo lina mitego yake. Nakala ya cheti ni kitu cha chini, lazima ithibitishwe na wakili. Nakala ya kitabu haina unyonge wowote. Hakuna aendaye dukani akadai apewe kitabu chenyewe badala ya nakala. Msubo wenye namba 3/8 ni nakala kwa maana hii ya pili. Sanamu ya plastiki iuzwayo katika duka la makumbusho ni nakala kwa maana ya kwanza. Orodha ikitumia neno moja kwa zote mbili, bora isingeandikwa. Kwa hiyo 'msubo' ubaki kwa ile yenye haki, 'nakala' kwa ile ya dukani, na 'bandia' tuliweke kwa wezi.

Nikirudi kwa yule binti wa Degas aliyeko New York, ningeandika hivi: Edgar Degas, Mcheza Densi Mdogo wa Miaka Kumi na Minne, jina la msanii mwenyewe. Ulifinyangwa kwa nta yapata 1880. Msubo wa msubo, shaba nyeusi, Karakana ya Hébrard, Paris, 1922, baada ya kifo cha msanii. Seti A. Una muhuri wa saini. Sketi ya pamba, 2018. Ndiyo, 2018: sketi ya zamani ilikuwa imechoka, makumbusho yakamshonea nyingine.