Sumu Katika Vita: Sheria za Mataifa na Swali la Wakatekista

Katika mikutano ya wakatekista liko swali moja linalorudi kila mara ugonjwa mkubwa unapotokea katika inchi yetu. Mtu mmoja anasimama, mara nyingi mzee, anauliza: “Padri, ugonjwa huu ni ugonjwa kweli, ao ni silaha?” Vijana wakicheka, yeye hacheki. Sisi pia hatukucheka. Tangu mwaka 2018 mpaka 2020, Ebola ilipokuwa katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, watu 2,287 walikufa, na swali hilohilo lilikuwa vinywani mwa watu waliokuwa wakitupia mawe magari ya waganga. Tarehe 19 Aprili 2019 mganga Richard Mouzoko, mtu wa Kameruni aliyetumwa na Shirika la Afya la Mataifa, aliuawa kwa risasi katika lopitali mjini Butembo.

Mwenye kujibu swali hilo kwa neno moja tu, “uongo,” hajajibu kitu. Maana silaha za namna hiyo zimekuwako. Zimekatazwa na sheria. Na sheria hizo zimevunjwa, hata katika bara letu. Basi tumeona vema kueleza hapa historia ya sheria hizo, ili katekista asiende mbele ya watu mikono mitupu.

Katazo la sumu ni la zamani. Wawindaji wa msitu wa Ituri hutia sumu mishaleni ili kuua kima juu ya miti. Hiyo ni kazi ya chakula, haina neno. Lakini kumwua mtu vitani kwa sumu ni jambo ambalo mataifa mengi yalilichukia tangu kale. Mwaka 1899 mataifa yaliyokutana La Haye yaliandika katika kanuni za vita vya inchi kavu kwamba ni marufuku kutumia sumu ao silaha zilizotiwa sumu. Tena, katika tamko la pekee, wakaahidiana wasitupe makombora ambayo kazi yake ni moja tu, kueneza hewa ya kukaba pumzi.

Angalieni sana neno lile, “makombora.” Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres katika Ubelgiji, Wajerumani walifungua mitungi ya chuma iliyojaa klori, wakauacha upepo uichukue. Kombora hawakutupa hata moja. Ndiyo sababu walijitetea kwamba ahadi ya La Haye haikuvunjwa. Wingu lile liliwafikia kwanza askari wa Ufaransa, na kati yao walikuwamo wana wa Algeria. Wafratri wanaosoma sheria ya Kanisa wanaijua namna hii ya kusoma, ya kushika herufi na kuiacha roho. Miaka miwili baadaye, palepale Ypres, ikaja sumu nyingine, yenye kuchoma ngozi na macho. Wafaransa wakaiita iperiti kwa jina la mji ule. Tulishike jina hilo, maana tutalikuta tena Afrika.

Baada ya vita, tarehe 17 Juni 1925, mataifa yakatia mkono mkataba katika Genève. Mkataba huo unakataza vitani hewa zote za sumu, na pia vijidudu vya magonjwa. Ni mkataba mfupi, wa ukurasa mmoja hivi, nao ulikuwa na matundu mawili. Kwanza, ulikataza kutumia, haukukataza kutengeneza wala kuweka akiba. Pili, inchi nyingi, na Ubelgiji uliokuwa ukitutawala ni mmoja wao, ziliandika sharti: tutafungwa na neno hili mbele ya wale waliolikubali tu, na adui akianza yeye, nasi tutakuwa huru. Kwa hiyo ulinzi juu ya sumu, kwa sheria ya siku zile, ulikuwa ni kuwa na sumu yako mwenyewe ndani ya gala. Na mwenye gala tupu je? Hilo lilijibiwa katika Ethiopia.

Italia iliuthibitisha mkataba mwaka 1928. Ethiopia iliuingia mwaka 1935, na mwezi wa Oktoba mwaka uleule majeshi ya Mussolini yakavuka mpaka bila kutangaza vita. Siku chache kabla ya Noeli, karibu na mto Takaze, ndege za Italia zikaangusha mapipa ya namna mpya juu ya askari wa Ras Imru. Hayakulipuka kama mabomu mengine. Yalipasuka yakamwaga maji yenye harufu kali. Ilikuwa iperiti. Baadaye Waitaliano hawakuangusha mapipa tu, walifunga pia vyombo vya kunyunyizia chini ya ndege, na ndege zikafuatana kwa makundi, moja nyuma ya nyingine, zikinyunyiza mashamba, malisho, visima na mito. Dawa hii haihitaji kuvutwa puani. Inakaa juu ya majani na udongo, na mtu akipita anaungua. Askari wengi wa Ethiopia walitembea miguu mitupu. Hata kama wangepewa vifuniko vya uso, vifuniko vingewafaa nini miguuni? Marcel Junod, mganga wa Msalaba Mwekundu kutoka Uswisi, aliyaona majeraha yao kwa macho yake katika Kworam mwaka 1936, akayaandika.

Lipo jambo hapa ambalo mwanafunzi wa teolojia ya maadili asilipite upesi. Italia ilipoulizwa, ilitaka kujihesabia haki kwa ile hoja ya kulipiza: kwamba Waethiopia walimwua vibaya rubani wao Minniti aliyeshikwa katika Ogaden. Lakini Minniti aliangushwa tarehe 26 Desemba 1935, na sumu ya Takaze ilikuwa imekwisha kumwagwa kabla ya siku ile. Tena amri zenyewe zipo. Tangu Oktoba Mussolini alikuwa amempa Graziani ruhusa ya gazi kwa simu. Kulipiza kulikotangulia kosa si kulipiza. Twende mbali zaidi: hata kama kosa lingetangulia, wachungaji wa ng’ombe waliokunywa maji ya kisima kile walikuwa wamefanya nini juu ya rubani?

Nasi watu wa Kanisa tusifiche upande wetu. Maaskofu wengi wa Italia waliisifu vita ile, na wengine walitoa misalaba yao ya dhahabu kwa ajili ya hazina ya vita. Kusema hivi hakutupunguzii heshima kwa Mama Kanisa. Padri asiyeweza kusema jambo hili wazi, akasimama kesho kuhukumu dhambi za askari wetu, watu watamwuliza anasimama juu ya nini.

Tarehe 30 Juni 1936 Haile Selassie alisimama Genève mbele ya Shirika la Mataifa, akaeleza habari ya mvua ile ya kufisha. Waandishi wa habari Waitaliano walimpigia miluzi. Siku chache baadaye mataifa yakaondoa adhabu walizokuwa wameiwekea Italia. Mkataba ulikuwapo, mwenye kuuvunja alijulikana, ushahidi ulikuwapo. Hakukuwa na mtu wa kuushika. Sumu ikaendelea: mwezi wa Aprili 1939, katika pango la Zeret, Waitaliano waliitumia juu ya wapiganaji waliokuwa wamejificha humo pamoja na wake na watoto wao. Baada ya vita vya pili hakuna mkubwa hata mmoja wa Italia aliyehukumiwa kwa ajili ya gazi ya Ethiopia. Graziani alihukumiwa kwao, lakini kwa sababu ya kushirikiana na Wajerumani. Serikali ya Italia yenyewe ilikubali kwa kinywa cha waziri wake wa ulinzi mwaka 1996, miaka 60 baada ya mambo yenyewe.

Inchi yetu iliingia katika habari hii kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1941 askari wa Force Publique walitumwa kupigana na Waitaliano katika Ethiopia. Wengi walipanda mto kwa masua, wakakata misitu na savana za kaskazini-mashariki kwa gari la moshi na kwa kamio, wakapitia Faradje na Aba mpaka Juba, kisha Nili. Walitwaa Asosa na Gambela mwezi wa Machi, na tarehe 3 Julai Jenerali Gazzera akajitoa mikononi mwa Jenerali Gilliaert katika Saio. Katika Faradje liko bado jiwe la ukumbusho. Tunawakumbusha wasomaji kwamba walioanguka kwa magonjwa katika safari ile walikuwa wengi kupita walioanguka kwa risasi. Waliingia katika inchi iliyonyunyiziwa sumu miaka mitano kabla, kwa amri ya serikali ambayo nayo ilikuwa imetia mkono mkataba uleule kwa sharti tulilolisema.

Sasa tuje kwa sheria za siku zetu. Mataifa yaliziba matundu kwa njia mbili zisizolingana nguvu. Mkataba wa tarehe 10 Aprili 1972 unakataza vijidudu vya vita kabisa: si kutumia tu, hata kutengeneza na kuweka. Mkataba wa mwaka 1993, uliotiwa mkono Paris na kuanza kazi tarehe 29 Aprili 1997, unafanya vilevile kwa gazi na sumu zote za namna hiyo. Huu wa pili una wakaguzi. Kiti chao kiko La Haye, nao wana haki ya kuingia viwandani na kufungua magala. Wamesimamia kazi mpaka akiba ya mwisho iliyotangazwa, ile ya Marekani, ikaharibiwa mwezi wa Julai 2023. Mkataba wa vijidudu hauna wakaguzi kama hao. Urusi ya Kisovieti, iliyokuwa mmoja wa watunzaji wa mkataba huo, iliendelea kutengeneza kwa siri. Mwaka 1979 kimeta kilitoroka katika nyumba ya jeshi mjini Sverdlovsk, na watu 66 hivi wakafa.

Hapa ndipo penye shida kubwa ya ulinzi. Mikataba yote miwili inaruhusu kujikinga. Serikali ina haki ya kutafuta dawa na chanjo, kushona nguo za kukinga askari, kuwafundisha, hata kuweka sumu kidogo ili kupima vifuniko. Na mkataba wa 1993 unadai kila inchi ieleze kila mwaka mipango yake ya kujikinga, tena unaipa inchi iliyoshambuliwa haki ya kuomba msaada kwa wengine. Hilo la msaada lingewafaa sana Waethiopia mwaka 1936. Lakini chumba ambamo mganga anakuza kijidudu ili apate chanjo, na chumba ambamo askari anakikuza ili kuua, ni chumba kimoja kwa macho. Kinachovitenganisha ni kiasi na nia. Kiasi, mkaguzi anaweza kukipima. Nia inaonekana wapi, mlango ukifungwa?

Turudi basi kwa yule mzee. Mwaka 1976, katika misioni ya Yambuku, upande wa Bumba, Ebola ilitambuliwa mara ya kwanza. Watu 318 waliugua na 280 wakafa, na kati yao masista na padri waliowauguza. Je, ilikuwa silaha? Hapana. Ilikuwa ugonjwa wa msituni, nao ulienea kwa sababu sindano chache za lopitali zilitumiwa kwa wagonjwa wengi bila kuchemshwa vema. Masista wale hawakujua. Jambo hili linauma, nasi tunalisema kwa heshima yao waliokufa palepale kazini. Lakini mwaka 1992 walikuja Zaire watu wa dini moja ya Japani, Aum Shinrikyo, na kiongozi wao Asahara. Walisema wanakuja kusaidia wagonjwa, kumbe walitaka kuipata Ebola waifanye silaha. Hakuna alama kwamba waliipata. Tarehe 20 Machi 1995 watu hao walimwaga sarini katika gari la moshi la chini ya ardhi mjini Tokyo, wakaua zaidi ya watu kumi.

Kwa hiyo katekista atamjibu mzee hivi: hofu yako ina mizizi, maana waovu wamekwisha kutamani ugonjwa huu, lakini ugonjwa wenyewe haukutoka kwao, na mganga anayekuja na chanjo anafanya kazi ileile ambayo sheria imeiacha wazi, ya kujikinga. Mkatazeni mtoto wenu jiwe analolishika.

Mwaka mmoja, mzee tuliyemjibu hivyo hapa Kisangani hakukaa. Aliuliza tena: “Na mabomu ya siku sita, nayo yalikuwa na sheria?” Watu wa Makiso na Tshopo wanajua alichosema. Tangu tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana katikati ya mji wetu, na zaidi ya raia 760 wakauawa. Haikuwa sumu. Ilikuwa chuma cha kawaida, ambacho hakuna mkaguzi wa La Haye anayekuja kukihesabu. Tulimjibu kwamba ndiyo, sheria ilikuwapo, ile inayokataza kuwapiga raia. Gaudium et spes, katika namba 80, inahukumu kwa neno moja kuharibu miji mizima pamoja na wakaaji wake, bila kuuliza kama kilichotumika ni gazi ao ni chuma.

Kongo iliuthibitisha mkataba wa gazi mwezi wa Oktoba 2005. Tarehe 19 Desemba mwaka uleule Mahakama ya Mataifa, nayo iko La Haye, iliamua kwamba Uganda ilivunja sheria ya vita katika inchi yetu, na Kisangani ikatajwa. Juu ya Rwanda Mahakama ilisema mwaka 2006 kwamba haina uwezo wa kuihukumu, kwa kuwa Rwanda haikuikubali. Tarehe 9 Februari 2022 iliiagiza Uganda kulipa dola milioni 325, kwa mafungu matano ya milioni 65 kila mwaka. Kati yake milioni 225 ni kwa ajili ya watu waliokufa na kuumizwa. Serikali yetu iliweka mfuko wa kugawa malipo hayo, na kiti chake ni hapa Kisangani. Mzee akauliza kama jina la binti yake limeandikwa. Tulimwambia alete cheti cha ubatizo, tutakwenda naye.