Kijana Aliyebeba Nyumba

Wahenga walinena, "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi." Twataka kuwaonyesha wasomaji jinsi watu wa mji wa Chicago, katika Marekani, walivyojifunza kuupima mzigo huo.

Mwaka 1889 mabibi wawili, Jane Addams na Ellen Gates Starr, walifungua nyumba iitwayo Hull House, wakakaa kati ya maskini waliotoka Ulaya kutafuta kazi. Waliona watoto wakitumika viwandani ili kusaidia kuwalisha jamaa zao. Mwenzao Florence Kelley alijitahidi sana, hata mwaka 1893 sheria ya Illinois ikakataza viwanda kuajiri walio chini ya miaka 14. Jambo jema, lakini baba akiwa amekufa, nani atawalisha wadogo?

Mwaka 1899 ilianzishwa mahakama ya watoto peke yao. Alzina Stevens, wa nyumba hiyo hiyo, akawa wa kwanza kuwaangalia vijana waliorudishwa kwao. Kisha mwaka 1911 sheria ikaruhusu wazazi maskini walipwe fedha, ili watoto watunzwe nyumbani wasitengwe na mama zao. Mwaka 1935 sheria ya Marekani nzima ikafuata njia hiyo.

Basi twaona ya kuwa kumwambia kijana, "Acha kazi, rudi shuleni," hakutoshi. Yatupasa kuuliza kwanza ni nani wamtegemeao, kisha tushike upande mmoja wa mzigo. Amwokoaye kijana na kuiacha nyumba yake katika njaa, hajamwokoa.