Mionzi ya Ndani Ilikotoka

Mama mpendwa hapo Port Victoria, huenda dada yako ametolewa mji wa mimba kwa saratani iliyogunduliwa mapema, kisha akaambiwa apate mionzi ya ndani. Si kila mgonjwa huihitaji. Akiihitaji, asiogope.

Mwaka 1898, kule Ufaransa, Marie Curie na mumewe Pierre waligundua radiamu. Madaktari wa zamani waliiweka mwilini mwa mwanamke kwa saa nyingi, hata siku, amelala bila kugeuka, na wauguzi wakipata mionzi bure. Siku hizi mashine husukuma chembe ya mionzi kupitia mrija uliowekwa ukeni, dakika chache tu, kisha huirudisha. Hakuna kinachobaki. Jioni anaweza kumpakata mjukuu.

Uholanzi, utafiti wa wanawake 427 uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba njia hii huzuia saratani kurudi ukeni karibu sawa na mionzi ya nje, na kuharisha hupungua.

Kwa miaka mingi hospitali ya umma yenye mionzi nchini ilikuwa Kenyatta peke yake. Nauli ya Nairobi iliwarudisha wengi nyumbani. Ndiyo maana nakuhimiza: ukiona damu baada ya kukoma hedhi, hata tone, nenda kliniki wiki hiyo hiyo.