Wake wa Askari: Mama Waliolea Watoto Katikati ya Vita vya Rufiji



Juzi hapa Ikwiriri tulikuwa tunampima bibi harusi anayeolewa na mwanajeshi. Tukiwa bado tunaandika vipimo, akaanza kulia. Mama yake, Allah amrehemu, naye alikuwa mke wa mwanajeshi. Alilea watoto watano kwenye kota, akihama kambi hii kwenda ile, miezi mingine hajui baba yao yuko wapi. "Mama aliweza. Mimi nitaweza?" akatuuliza.

Pale pale tulikosa jibu. Lakini sisi watu wa Rufiji jibu tunalo, liko kwenye historia ya ardhi yetu.

Vitabuni, vita vya Rufiji ni habari ya meli ya Kijerumani, Königsberg. Iliizamisha meli ya Kiingereza pale Unguja Septemba 1914, ikaja kujificha kwenye delta yetu, mpaka Waingereza walipoimaliza tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake ikatolewa, ikaburutwa kupigana nchi kavu. Januari 1917 mapigano yakafika Behobeho, kisha mtoni. Majina ya makamanda yameandikwa. Ya akina mama, hapana.

Na walikuwepo. Askari Waafrika wa jeshi la Wajerumani, wengi wao Waislamu, waliishi bomani na wake zao na watoto. Vita vilipokuja, familia ziliondoka pamoja na kikosi. Baba alibeba bunduki. Mama alibeba sufuria, mkeka, chakula, na mtoto mgongoni. Wakipiga kambi, yeye ndiye wa kutafuta maji na kuni. Wengine walijifungua njiani, na safari haikusimama. Mwaka 1917 mvua zilikuwa kubwa na njaa ilikuwa kali, maana majeshi yalichukua chakula cha wanavijiji, na mama wa vijijini nao wakabaki na watoto wanaolia. Novemba mwaka huo kikosi kilivuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Kilipoweka silaha chini huko Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wanawake walikuwa bado wamo msafarani.

Vita vile havikuwa vyetu, wala hatuvisifu. Tunawakumbuka mama.

Tunamkumbuka na Bi Hajar, aliyeachwa na mtoto mchanga kwenye bonde lisilo na maji. Alipojua kuwa ni amri ya Allah, moyo ukatulia. Alitawakali, lakini hakukaa kitako: alikimbia Safa na Marwa mara saba, na leo kila hujaji anafuata nyayo za mama yule.

Bibi harusi wetu aliporudi kujaribu gauni, tulimsimulia haya. Tukamwambia: kabla ya nikaha, kaa na mwenzio mkubaliane matumizi yatafikaje akiwa mbali, na nani atasimama nyumbani mtoto akiugua. Na leo usiku chukua daftari, andika jina la mama yako na kambi zote alizowalea. Wale wa 1917 hakuna aliyewaandikia.

Allah awarehemu mama zetu, na awape subira wanaosubiri. Amin.